Filimbi kwa Upande wa Kushoto

Nagpur, 11 Juni 1972

Kwa Appa, baba yangu,

Nagusa miguu yako kutoka huku mbali. Hujambo? Mgongo umepoa? Unakula, au unakunywa chai tu kisha unamwambia jirani kuwa umekula? Sisi wazima, ila joto la Nagpur halina huruma. Jana nilianika pilipili juu ya paa, na baada ya saa moja nilizikuta zimekauka kama zilizokaa wiki.

Hii ni wiki ya tatu tangu Gurunath apewe uhamisho. Nyumba ya shirika la reli ni nzuri, vyumba viwili na jiko, lakini iko hatua thelathini tu kutoka kwenye njia ya treni. Treni ya mizigo ya saa tano asubuhi ikipita, vikombe vinacheza kabatini. Mume wangu anauza tiketi dirishani kutwa, na akirudi anaimba nyimbo zote kwa sauti moja. Binti wa mpiga filimbi ameolewa na king'ora, Appa. Mama mkwe wangu Ambakka anasali, anapika na kunikosoa. Anasema mkate wangu wa mtama ni mnene kama godoro la hospitali.

Nipe habari za Dharwad. Mvua imeanza? Rafiki yako Imamsab na ngoma zake za tabla hawajambo? Wanafunzi wako wa jioni bado wanakuja? Wala usiniambie mkono umechoka. Vidole vinavyoziba matundu ya filimbi kutwa nzima haviwezi kushindwa na kalamu.

Mwanao,
Shalmala


Dharwad, 24 Juni 1972

Mwanangu Shalmala,

Pokea baraka zangu, wewe na mumeo, na salamu za heshima kwa mama mkwe wako. Mimi mzima. Mgongo unauma nikiinama tu, kwa hiyo siinami. Mvua bado inatuzungusha, mawingu yanakuja, yanatutazama, yanakwenda zao.

Sasa kaa chini. Umekaa? Unajua kila Januari huko Belgaum tunafanya kumbukumbu ya marehemu mwalimu wangu, Rachotayya. Na unajua kwa miaka thelathini wamekuwa wakinipa saa nane mchana, watu wakiwa wametoka kula wali. Yuko mzee mmoja safu ya mbele ambaye nimempigia filimbi miaka kumi na minane na sijawahi kuona rangi ya macho yake. Basi mwaka huu wameniandikia. Wamenipa nafasi ya kufunga tamasha! Jumapili asubuhi, tarehe 21, saa nzima na robo, watu wameoga na akili zao ziko macho.

Nilimpelekea Imamsab barua ile dukani kwake. Akaisoma mara mbili, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu.

"Channappa," akasema, "wamekosea jina."

"Hawajakosea. Mugali ni mimi."

"Basi wengine wote wamekufa."

Kisha akafunga duka, akanikumbatia hadi kofia yake ikaanguka. Tumepiga muziki pamoja miaka arobaini, sijawahi kumwona akifunga duka kabla ya sala ya magharibi.

Nafanya mazoezi kila alfajiri. Nitapiga raga ya Todi, ule muziki wa asubuhi, kwa filimbi kubwa. Mwalimu wangu alikuwa akisema Todi yangu inanukia jikoni, maana yake bado haijaiva. Safari hii itaiva.

Appa yako


Nagpur, 6 Julai 1972

Appa mpendwa,

Habari za siku? Natumaini barua hii itakukuta ungali unatabasamu kama nilivyotabasamu mimi. Nilisoma barua yako nikiwa jikoni, nikapiga kelele, mama mkwe akaja mbio na ufagio akidhani kuna nyoka. Gurunath ametangaza habari zako pale dirishani kwa kila anayenunua tiketi ya kwenda kusini.

Niambie kila kitu. Utavaa nini? Nani atakaa nyuma kushika tanpura, akuvumishie nyuzi zake? Todi utaianza chini kabisa, kama ulivyokuwa ukifanya mvua zikianza? Najua nilishaacha mambo hayo na siyo yangu tena, lakini masikio hayajaacha.

Andika upesi.

Mwanao,
Shalmala


Nagpur, 20 Agosti 1972

Appa,

Shikamoo nyingi. Hujambo lakini? Hii ni barua ya pili tangu uandike, na ile kadi ya posta ya sikukuu ni ya tatu. Hakuna jibu. Wiki nane! Gurunath anasema msanii anayejiandaa hana muda. Mimi nasema msanii huyu aliwahi kuniandikia kurasa nne juu ya mbuzi aliyekula mkeka.

Hata mstari mmoja, Appa. Andika "nipo" tu.

Shalmala wako


Dharwad, 2 Septemba 1972

Mwanangu,

Nipo. Natumaini nyote hamjambo huko. Nilikuwa na mafua, yamekwisha. Mvua ilinyesha siku tatu ikakatika. Bei ya mtama imepanda. Jirani amepaka nyumba yake rangi ya kijani, mbaya sana. Msalimie Gurunath na mama yake.

Appa yako


Nagpur, 9 Septemba 1972

Kwa Appa,

Nashukuru kusikia uko salama, ila siamini.

Nimeisoma barua yako mara tano. Kuna mvua, mtama na rangi ya kijani. Hakuna filimbi. Belgaum haimo, hata Imamsab hujamtaja. Mama alipofariki uliniandikia nikiwa chuoni, na hata katika barua ile ulisema umempigia filimbi kando ya kitanda. Hujawahi kuniandikia barua isiyo na filimbi ndani yake, baba yangu. Hii ndiyo ya kwanza.

Kuna nini? Usiponijibu ndani ya siku kumi na tano namwandikia Imamsab, na unajua yule akiulizwa swali moja anajibu kumi.

Mwanao,
Shalmala


Dharwad, 20 Septemba 1972

Shalu mwanangu,

Salaam na baraka. Umeshinda. Soma polepole na usimsomee mama mkwe wako, nina heshima kidogo iliyobaki.

Tarehe 19 Julai nilikwenda sokoni kwa baiskeli kununua peda za maziwa na sukari, nusu kilo, niwagawie wanafunzi kwa ajili ya habari za Belgaum. Natoka sokoni, nakutana uso kwa uso na yule fahali wa hekalu. Mimi nikaenda kulia, naye akaenda kulia. Nikaenda kushoto, naye kushoto. Tukaendelea hivyo kwa adabu mpaka njia ikatuishia, nikalipiga bomba la maji la mtaani kwa mdomo. Fahali akala peda zote, na karatasi yake.

Imamsab alikuja mbio. Akainama, akaokota kitu kwenye tope.

"Meno mawili haya hapa," akasema. "La tatu linaning'inia. Ulikuwa unayahitaji?"

Nilicheka, binti yangu, damu mdomoni. Sikujua bado.

Kidonda kilipopona nilichukua filimbi. Nikaiweka mdomoni pale pale ilipokaa kwa miaka arobaini na tisa, nikapuliza. Upepo mtupu. Mdomo wa juu unaegemea meno, sikuwahi kulifikiria hilo, kama mtu asiyefikiria ukuta aliouegemea mpaka ubomoke. Daktari wa meno akanitengenezea ya bandia. Kwa kula mkate ni mazuri. Kwa filimbi yanapiga mluzi wao wenyewe, na nikipanda sauti za juu yanaruka. Jumanne iliyopita yalidumbukia kwenye chai ya Imamsab. Akayatoa kwa kijiko, akaendelea kunywa.

Wanafunzi nimewaambia wapumzike. Kila alfajiri naamka, naitoa filimbi kubwa kwenye mfuko wake, naipaka mafuta, nairudisha. Watu wa Belgaum nimewaandikia kwamba nafasi yao wampe mwingine. Barua nilimpa Imamsab aiposti.

Usilie. Nina miaka hamsini na minane, nimepiga vya kutosha. Mchana mmoja huko Belgaum mzee yule wa safu ya mbele aliwahi hata kujigeuza usingizini.

Appa yako


Nagpur, 28 Septemba 1972

Kwa Appa, baba yangu mpendwa,

Nagusa miguu yako na safari hii nabaki nimeinama, kwa sababu nina jambo la kukiri.

Sijalia. Nilicheka kwa fahali, kisha sikucheka tena. Nikakaa siku mbili nikitafuta jinsi ya kuandika haya. Yasome yote ndipo ukasirike.

Unakumbuka siku ile, nikiwa na miaka kumi na sita, mbele ya wanafunzi wako wanne? Nilikosa sauti ya juu mara tatu. Ulinishika kidevu ukaugeuza uso wangu kwenye mwanga, ukalitazama kovu hili la mdomoni nililolipata nilipoangukia jiwe la kusagia. Ukasema, "Mdomo huu haukuumbwa kwa filimbi. Jifunze kuimba." Filimbi yangu ukampa mwanafunzi mwingine.

Sikuacha, Appa. Ile filimbi yako ya zamani iliyopasuka, iliyofungwa uzi mwekundu, ile uliyoitafuta mwezi mzima, mama ndiye aliyenipa. Nilipiga kwenye ghala la pamba la kina rafiki yangu Sushila, jioni nilizokwambia naenda darasa la kushona. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kushona kifungo. Huku Nagpur napiga saa tano asubuhi treni ya mizigo inapopita, mama mkwe asisikie. Ni treni ndefu, mabehewa hamsini na zaidi. Ikichelewa nafurahi.

Sasa sikiliza. Kila siku ulikuwa unanisogezea filimbi katikati ya mdomo, na kila siku pumzi ilipasukia kwenye kovu. Nilipobaki peke yangu niliuacha mdomo uende unakotaka, ukaenda kushoto. Huko kushoto ngozi ni nzima na nyuma yake kuna meno. Ilinichukua miezi minne kupata sauti moja safi. Leo napata zote, mpaka za juu kabisa.

Wewe meno ya kushoto unayo. Fahali hakuyafikia. Toa yale ya bandia. Sogeza tundu la kupulizia lije chini ya jino la pembeni la kushoto. Geuza kichwa kidogo kulia, kama jirani anakuita na wewe hutaki kumwitikia. Anza na filimbi ndogo.

Nisamehe kwa miaka saba. Lakini jaribu.

Mwanao,
Shalmala


Dharwad, 8 Oktoba 1972

Shalmala,

Barua yako imefika. Niko mzima.

Ile filimbi ya uzi mwekundu nilimshuku Imamsab kwamba ameiuza. Tulinuniana wiki mbili, tukakosa mwaliko wa harusi ya watu wa Hubli. Miaka saba! Na mama yako alikaa pale anakanda unga, ananisaidia kuitafuta chini ya kitanda.

Leo sina la kuandika.

Appa yako


Dharwad, 9 Novemba 1972

Mwanangu, damu yangu,

Hujambo? Gurunath hajambo? Mama Ambakka je? Nauliza kwa moyo, kwa sababu mara ile sikuuliza.

Nilikaa na hasira siku kumi. Ya kumi na moja Imamsab alikuja, nikampa barua yako aisome. Nilitaka anisikitikie. Aliimaliza, akavua miwani.

"Yote ni kweli?"

"Inaelekea."

"Basi wewe ni mjinga, Channappa. Nilikuwa najua siku nyingi, lakini sikuwa na ushahidi wa maandishi."

Akaondoka bila kunywa chai. Nikabaki na ukweli ambao nitakuambia wewe peke yako. Siku ile haikuwa kovu. Wiki hiyo watu wawili walikuwa wamenijia barazani. "Msichana na filimbi mdomoni, mbele za wanaume? Nani atamwoa?" Mimi niliyejivuna kwamba siogopi watu, niliogopa. Nilitafuta sababu, nikaikuta usoni mwako. Kovu lile nililiona kila siku tangu una miaka minne na halikuwahi kunizuia kukufundisha. Nisamehe wewe, siyo mimi nikusamehe.

Haya. Nimetoa meno ya bandia. Nimechukua filimbi ndogo, ile ya watoto, nikafunga dirisha kama mwizi. Wiki mbili sikupata kitu. Nilitoa sauti ambazo hata birika lingeona haya. Juzi, bila kutarajia, sauti moja ya chini ikatoka. Nene, yenye vumbi kidogo, lakini sauti. Nilisimama katikati ya chumba nikaishikilia mpaka pumzi ikaisha, kisha nikaenda kumwamsha Imamsab katika usingizi wake wa mchana.

Hapo ndipo alipokiri kwamba barua ya Belgaum hakuiposti. Ameitumia kuziba pengo chini ya mguu wa kabati lake la dukani. "Niitoe?" akauliza. "Kabati litayumba." Nikamwambia aiache.

Nina maswali. Kidole gumba cha kushoto kinakaa wapi ukishageuza kichwa? Nikipanda juu hewa inatorokea pembeni, unaizuiaje? Na kichwa kinaniuma, ni kawaida?

Mwanafunzi wako mkongwe,
Appa yako


Nagpur, 16 Novemba 1972

Kwa mwanafunzi wangu, Appa,

Salamu, na pole na kichwa. Ni kawaida, unapuliza kwa nguvu mno. Ulikuwa ukinipiga rula kwenye goti nikifanya hivyo. Jipige mwenyewe.

Kidole gumba kirudishe nyuma upana wa punje ya mtama. Filimbi isikae kwenye ncha ya kidole, ikae kwenye mfupa wa shina lake. Hewa ya pembeni izuie kwa kutabasamu nusu, upande wa kushoto tu. Utaonekana kama mtu anayemdharau mwenzake. Usijali, sura hiyo unayo tayari.

Sauti moja kwa siku tatu, usikimbilie ya pili. Najua utakimbilia. Najua hata sasa umeshakimbilia.

Ile sehemu nyingine ya barua yako niliisoma peke yangu karibu na reli. Nimeikunja, nimeiweka. Siku hiyo nililala vizuri sana.

Mwalimu wako, na mwanao,
Shalmala


Dharwad, 3 Desemba 1972

Mwalimu mkali,

U mzima? Mimi mzima na nimechoka, uchovu mzuri. Baridi imeingia, asubuhi vidole vinataka kupashwa kwenye bilauri ya chai kwanza.

Nimerudi kwenye filimbi kubwa. Sauti za chini na za kati zinatii. Todi imebadilika, mwanangu. Zamani nilikuwa naipiga kwa ufundi. Sasa kila sauti lazima niiombe, na wakati naiomba naisikia kwanza. Imamsab ananisindikiza taratibu, hafanyi mzaha mpaka tumalize.

Lakini nakuambia kweli. Baada ya dakika thelathini mdomo unatetemeka, na sauti za juu kabisa sizipati. Wao wananitaka saa na robo. Nimepiga hesabu kila namna, mtu mmoja hatoshi.

Njoo ukae kulia kwangu jukwaani. Lete ile filimbi ya uzi mwekundu. Sikuombi kama baba, baba hana uso wa kuomba hili. Nakuomba kama mpiga filimbi anayehitaji mwenzake, na anayepuliza kushoto ninamjua mmoja tu.

Ukikataa nitaelewa, na nitapiga nusu saa yangu, nitashuka.

Appa yako


Nagpur, 14 Desemba 1972

Appa mpendwa,

Hujambo na baridi? Sisi tupo salama, na hapa nyumbani kumetokea kituko.

Barua yako ilifika nikiwa nakanda unga, mikono yote imejaa. Gurunath akaifungua na kunisomea kwa sauti, na sauti yake unaijua. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Nilitaka ardhi inimeze. Akauliza, "Kwa hiyo anakuita ukapige filimbi mbele ya watu?"

Nikasema, "Mama, mimi sijawahi kupiga mbele ya mtu hata mmoja. Kwanza sijui kama..."

"Umenipigia mimi tangu mwezi wa sita."

Nikaacha kukanda.

"Unadhani nina masikio ya mapambo? Treni inapita dakika nne, wewe unaendelea dakika arobaini. Nilisema moyoni, siku atakaponiambia nitamwambia. Hukuniambia. Basi nikawa nachelewa makusudi kurudi kutoka hekaluni, nisikukatize." Akaubonyeza unga wangu kwa kidole. "Filimbi unaweza. Mkate ndio hujui. Belgaum tunakwenda lini?"

Anakuja, Appa. Ameshaazima begi. Gurunath ameomba ruhusa ya siku nne, na tiketi kajiuzia mwenyewe.

Mimi ninaogopa. Watu mia tano, na mimi hadhira yangu ni mabehewa. Watalitazama kovu. Watasema mzee Mugali amezeeka, kaleta binti. Nimeandika "siji" mara mbili, nimechana mara mbili. Nakuja.

Mwanao,
Shalmala


Nagpur, 27 Januari 1973

Kwa Appa,

Hujambo baada ya safari? Mdomo umepona? Tulifika Jumanne, tumechoka, vumbi hadi ndani ya masikio. Basi lenu la Dharwad liliondoka haraka mno, sikupata hata dakika moja ya kugombana nawe, kwa hiyo nagombana kwa barua.

Uliniacha! Tulianza vizuri, wewe chini, mimi juu kidogo, Imamsab akikuitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimefumba macho nisiwaone watu. Nikasikia sauti moja imekwisha. Nikafumbua, wewe umeweka filimbi mapajani, umekunja mikono kama mtu anayesubiri basi. Nikakutazama. Ukatazama dari. Nikamtazama Imamsab, naye akaendelea kupiga kana kwamba hanijui. Nikajua mdomo wako umekufa na sasa ni mimi tu, na imebaki zaidi ya nusu saa.

Appa, nilichofanya sikukifikiria. Nilirudi chini kabisa, sauti ya kwanza, nikakaa pale mpaka pumzi ikatulia. Kisha nikapanda ngazi moja moja. Kuna mahali mtu mmoja katikati ya ukumbi alianza kunong'ona na mwenzake, nikamsikia mama mkwe wangu, "Nyamaza wewe, huyo anayepiga ni mke wa mwanangu!" Ukumbi mzima ulisikia. Nilikaribia kucheka ndani ya filimbi, na kicheko kile kikanipandisha hadi sauti ya juu kabisa, ile ya siku ya wanafunzi wanne. Ikatoka. Baada ya hapo sikumbuki muda.

Walipoanza kupiga makofi nilijua tumemaliza kwa sababu Imamsab alikuwa anafuta uso.

Ndani ya treni mama mkwe alimweleza kila abiria. Kufika Pune alikuwa ameshasema watu elfu tatu.

Nisamehe kwa kukukasirikia pale jukwaani. Umechoka ukiwa umenibeba nusu ya safari. Pumzisha mdomo, usiguse filimbi kwa wiki mbili. Hiyo ni amri.

Mwanao,
Shalmala


Dharwad, 8 Februari 1973

Mwanangu Shalmala,

Baraka zangu zikufikie, na salamu kwa Gurunath, na salamu mbili kwa Mama Ambakka. Hapa hatujambo. Wanafunzi wamerudi wote na wengine wapya watatu, mmoja ni binti wa fundi saa. Mama yake alimleta mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka niliposema ndiyo.

Kuhusu amri yako, nimeivunja siku ya pili. Mdomo haukuwa na tatizo. Hilo ndilo nataka kukuandikia.

Sikuchoka, Shalu. Nilikuwa na dakika kumi nyingine ndani yangu, pengine kumi na tano. Tulipofika pale kati ulivuta sauti moja kwenda nyingine kwa njia ambayo mimi sikukufundisha, wala Rachotayya hakunifundisha mimi. Polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Nikajiuliza, hii ameitoa wapi? Ghala la pamba? Nikataka kujua utakwenda wapi ukitoka hapo, na nikaona nikiendelea kupiga sitajua kamwe. Nikaweka filimbi chini. Imamsab alinielewa, ndiyo maana hakukutazama. Basi, ugomvi wako ni wa haki, ila sababu ilikuwa hiyo.

Jambo la pili. Kumekuja barua kutoka Solapur. Wana tamasha mwezi wa nne, na watu wao walikuwepo Belgaum. Niliifungua nikidhani ni yangu, anwani ni yangu. Ndani wameandika, "Kwa Bibi Shalmala." Jina langu halimo. Niliiweka chini ya mto siku tatu. Nilikuwa na wivu. Nakuambia kwa sababu tumekubaliana, nadhani, kuacha kufichana. Siku ya nne wivu ulipungua, nikamsomea Imamsab, akafunga duka tena. Mtu huyu atafilisika kwa ajili yetu.

Barua yao nimeiambatisha. Wanataka saa nzima, jioni, wewe peke yako. Jibu uwape mwenyewe, sikuandika chochote kwa niaba yako.

Wanasema utaletewa mpiga tabla, lakini Imamsab ameapa kwamba atakayethubutu kukaa mahali pake watazungumza nje. Na wanasema uje na mtu wako wa kukaa nyuma na kukushikia tanpura. Mara ya mwisho niliishika mbele ya watu nilipokuwa na miaka kumi na minane, nyuma ya mwalimu wangu. Ile ya nyumbani ilikuwa na vumbi. Nimebadilisha nyuzi zote nne, na tangu Jumatatu nafanya mazoezi.

Appa yako